Mashamba Kumi na Manne

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu,

Najua barua hii anakusomea Mama Mkunga, kwa hiyo naanza na yeye asije akaninunia. Mama Mkunga, shikamoo. Shangazi, shikamoo mara mbili: moja ya leo, na moja ya siku ile niliyopanda basi bila kukuamkia kwa sababu nilikuwa nalia.

Nina habari mbili. Kaa chini kwanza.

Ya kwanza, kibali chako kimetoka. Kina picha yako ile uliyonuna, kina muhuri, na kinasema unaruhusiwa kutoka kambini uje kuishi na mimi hapa mjini, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yako pekee aliyebaki. Nakala yako utaipata ofisini kwenu. Ila kina mwisho, na mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Siku hiyo ikipita hujaja, tunarudi nyuma kabisa ya foleni, na karani ameniambia foleni ya sasa inakwenda miaka mitatu.

Ya pili, mimi ni mkulima. Haya, cheka umalize. Nilipofika hapa nilitafuta kazi ya kusuka, nikakuta wasusi wamejaa kila mlango. Ndipo shirika moja likatukusanya wakimbizi kumi na wawili, likatupa mbegu, likatuletea na bwana shamba wa kutufundisha. Leo hii nina mashamba sita, na yataongezeka. Mboga ninayokula ni yangu, ninayouza ni yangu, na chumba ninachokaa kinalipwa na spinachi. Mikono hii uliyosema imeumbwa kushika kitana tu, sasa ina udongo ndani ya kucha.

Njoo, Shangazi. Nahitaji mikono yako.

Wako,
Mng'oa Vitunguu


Tarehe 27 Februari

We mtoto,

Andika hivyo hivyo, Mkunga. "We mtoto." Usimpambe.

Mashamba sita! Mkunga alipofika hapo nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia anionyeshe kwa kidole lilipoandikwa neno "sita". Mimi kusoma sijui, lakini nililikodolea macho hivyo hivyo. Huyu ni yule mtoto wa miaka tisa niliyemtuma kupalilia, akang'oa vitunguu vyangu vyote shamba zima, akaziacha nyasi zimesimama, eti nyasi ndizo zilizokuwa na afya! Nilikuwa nikikusimulia kwa watu kama kichekesho. Sasa nitasimulia vingine.

Sikuwaambia watu wengi. Nilisema bombani tu. (Mimi Mkunga naongeza: bombani ndiko kambi nzima inakochota maji.) Sasa nikifika pale wananipisha. Fundi viatu ameniuliza kama huko kwako kuna pembe ya kufugia mbuzi wake watatu, nikamwambia nitaliangalia.

Nijibu haya, na usinipige chenga. Udongo wake ni wa rangi gani? Kuna mteremko? Maji unatoa wapi? Umepakana na nani, na mpaka wenu ni wa mti au wa jiwe? Mpaka wa mti mtu anaweza kuusogeza kila mwaka shubiri moja, na wewe hapo umelala. Na huyo bwana shamba unayemtaja, ni bwana shamba peke yake au kuna bwana mwingine ndani yake?

Kuhusu kuja, usinikimbize. Nina maharage yangu hapa nyuma ya nyumba, yako kwenye maua, siwezi kuyaacha. Nikishavuna tutaongea. Mimi ni mzima kabisa, nalima kila asubuhi. Andika hivyo, Mkunga. (Ameniamuru niandike hivyo. Nimeandika.)

Na usiniletee habari za simu. Simu inamaliza maneno kabla hayajaiva. Barua hizi zinakuja na gari la dawa mpaka zahanati kwa Mkunga, zinafika, zinatosha.

Hapo chini ni kidole changu gumba.
Shangazi yako


Tarehe 14 Machi

Shangazi,

Najibu kama ulivyouliza.

Udongo ni mweusi, laini, nimeuchanganya na mbolea kwa mikono yangu. Mteremko hakuna hata kidogo, ni tambarare kama sakafu. Maji nimepakana nayo upande wa kaskazini, kuyafuata ni hatua kumi. Mashariki nimepakana na Fundi Saa, mzee mtaratibu sana, mkimbizi kama sisi, ambaye hawezi kumwona mtu bila kumwuliza saa yake inakwendaje. Mpaka hatujawahi kugombania. Magharibi hakuna mtu kabisa, ni hewa tupu mpaka macho yako yakome. Jua tunalo tangu linapochomoza mpaka linapozama. Ng'ombe wa kulimia hatutumii.

Bwana shamba ni bwana shamba tu. Ana mke na ana kipara. Ila ananisifu mistari yangu. Wenzangu wanapanda ovyo ovyo, mimi napanda kama ninavyogawa nywele: nachora njia kwanza kwa mkia wa kitana, ndipo natia mche. Aliniuliza nimejifunza wapi kupanga vile, nikamwambia nimejifunza vichwani mwa watu.

Kosa nimefanya moja, nalisema kabla hujalisikia kwingine. Msusi mmoja wa mtaa huu alinipa maji aliyooshea nywele za wateja wake, nikaona bahati hiyo, nikamwagilia. Sabuni ile ilikausha mashamba mawili kwa siku nne. Nimeyaanza upya, na sasa nina tisa.

Maharage yako bado tu? Siku zinakwenda, Shangazi.

Wako,
Mng'oa Vitunguu


(Karatasi ndogo, iliyokunjwa ndani ya barua ya tarehe 14 Machi)

Kwa Mama Mkunga peke yako. Usimsomee.

Mama, nakuomba unitunzie siri. Mashamba yangu ni magunia.

Yako juu ya paa la saruji la ghala la unga, mtaa wa pili kutoka ninapokaa. Mwenye ghala alituachia paa na magunia yake makuukuu. Unasimamisha gunia, unaweka katikati kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo pembeni, kisha unalivuta kopo juu kidogo na kujaza tena, mpaka gunia linasimama lenyewe kama mtu. Kokoto za katikati ndizo zinazoshusha maji. Ubavuni tunatoboa matundu, na kila tundu linapokea mche wake. Hayo maji ya kaskazini ni tangi. Hiyo hewa ya magharibi ni ukingo wa paa.

Aliyeanzisha neno ni Fundi Saa. Siku ya kwanza ya mafunzo alisimama mbele ya gunia lake akasema, "Nyumbani niliacha ekari nne. Mtu akiniuliza hapa nina nini, siwezi kumjibu kwamba nina gunia. Hili ni shamba." Tulicheka, yeye hakucheka. Tangu siku ile sote tunasema hivyo, na nilipomwandikia Shangazi neno lilinitoka bila kufikiri. Nilipopata jibu lake, na bomba na mbuzi wa watu, niliona haya nikashindwa kurudi nyuma. Nitamwambiaje mtu aliyeacha mashamba ya kweli, na mazao yakiwa bado ndani, kwamba ninachojivunia ni magunia? Akija ataona mwenyewe, nami nitamwomba radhi uso kwa uso.


Tarehe 2 Aprili

We mtoto,

Mashamba mawili kwa maji ya nywele! Mlikuwa mnaosha vichwa vya jeshi gani? Nimejaribu kukisia ndoo ngapi zinaweza kuua mashamba mawili, nikashindwa, nikamwuliza Mkunga, naye akaanza kukohoa. (Nilikuwa nacheka. Siri yako ninayo.)

Sikiliza. Spinachi usiivune kama mtu anayekimbizwa. Anza na majani ya chini, ya nje, uache moyo wake. Mbolea mbichi usiiweke karibu na mizizi, itaunguza. Na hiyo hewa tupu ya magharibi siipendi, panda kitu kirefu upande huo kizuie upepo. Mtu asiye na jirani upande mmoja anapigwa na upepo upande huo.

Maharage nimevuna, lakini sasa nina kuku ameatamia. Mayai kumi na moja. Nitamwachia nani? Halafu mvua nazo zimeanza, njia haipitiki.

Na mimi nimefikiri, binti yangu. Mashamba tisa yanataka watu wenye migongo. Tafuta kibarua, msichana wa huko huko mwenye nguvu zake, akusaidie. Mimi wa nini? Uliandika kwamba unahitaji mikono yangu. Mikono ninayo.

(Hapo aliitazama mikono yake, nami nikangoja na kalamu. Kisha akasema inatosha.)

Kidole changu.
Shangazi yako


Tarehe 21 Aprili

Shangazi,

Kwanza maharage. Kisha kuku. Kisha mvua. Mimi nimekaa nawe miaka ishirini, nikakulia mgongoni kwako, na nakujua vizuri: ukitaka kudanganya lazima utaje kuku. Ulinidanganya kwa kuku siku mama yangu alipofariki. Ulinidanganya kwa kuku usiku ule tulipotoka nyumbani, ukaniambia tunakwenda kumtafuta kuku aliyepotea, nami nikakufuata maili ngapi sijui, nikiita "kutu kutu".

Kwa hiyo niambie ukweli. Kama una hasira kwa sababu nilitangulia nikakuacha, sema. Nilipewa kibali kimoja, na wewe ndiye uliyenisukuma kwenye ngazi ya basi ukaniambia nisipoteze nafasi. Nilifanya ulivyosema, na sijalala vizuri tangu siku ile. Mimi kurudi huko siruhusiwi, ningekuja kukubeba.

Msichana mwenye nguvu simtaki. Nimtafute wa nini? Kitanda cha pili nimekwisha kununua, kiko chini ya dirisha, na kila nikirudi kazini nakitandika upya ingawa hakuna aliyekilalia. Mama mwenye nyumba ananiona kama nimerukwa na akili. Nimechoka kula peke yangu, Shangazi. Naongea na miche. Juzi nimemkuta Fundi Saa amesimama nyuma yangu, na mimi nauuliza mchicha kama umeshiba.

Mashamba sasa ni kumi na manne, na siku zilizobaki ni sabini. Kama hunitaki, niambie, nitajua la kufanya na kitanda.

Wako, hata ukikasirika,
Mng'oa Vitunguu


Tarehe 7 Mei

Binti,

Safari hii nakuandikia mimi mwenyewe, Mkunga, na shangazi yako hajui.

Barua yako nilimsomea mara mbili, ya pili kwa kuombwa. Alipofika kwenye kitanda alinigeuzia uso ukutani. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja, nawajua wanaolia kwa sauti na wanaolia kwa mabega. Yeye alilia kwa mabega. Halafu akaniambia nisijibu kitu, nikuache ukasirike, ukishakasirika vya kutosha utatafuta huyo msichana mwenye nguvu.

Hasira na wewe hana. Hilo naweza kulisema kwa sababu si siri. Jina lako linatajwa humu ndani kuliko jina la chumvi.

Mengine siwezi. Kazi yangu inanikataza kutoa nje habari za mwili wa mtu, na yeye ameniapisha juu ya hapo. Wewe nawe umenipa siri yako. Basi nimebaki hivi: mkono huu nimeshika ya kwako, mkono huu ya kwake, na kalamu naishika kwa shida.

Lakini kuuliza hakuna aliyenikataza. Nakuuliza swali moja tu. Kazi ya hayo mashamba yenu, mtu anaifanya ameinama au amesimama? Na kama amesimama, gunia linamfika wapi? Usinikadirie. Pima.

Mama Mkunga


Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Mwambie Mama Mkunga asome polepole, na wewe ukae. Leo natubu.

Sina ekari. Sina hata nusu. Mashamba yangu kumi na manne ni magunia kumi na manne ya unga, yamejazwa udongo, yamesimama. Miche inaota juu na ubavuni. Sisi tunayaita mashamba kwa sababu Fundi Saa alikataa kuitwa mtu wa magunia, nami neno nililizoea, nikakuandikia. Ulipofurahi vile nikanogewa. Kila nilichokujibu kilikuwa kweli na chote kilikuwa uongo: maji ya kaskazini ni tangi, na magharibi ni ukingo wa paa, mtu akipiga hatua moja zaidi anashuka na spinachi zake mpaka barabarani. Nisamehe. Umepiga chuku bombani kwa ajili yangu.

Sasa sikiliza na mengine. Wiki iliyopita nilipanda juu ya ghala nikasimama mbele ya shamba la kwanza, nikalitazama kama sijawahi kuliona. Nilijiuliza lini mara ya mwisho mgongo umeniuma kwa kazi hii. Sikukumbuka. Napanda nikiwa nimesimama. Nachuma nikiwa nimesimama. Namwagilia nikiwa nimesimama, tena mkono mmoja kiunoni kama mke wa tajiri. Jembe sina. Nimelima tangu mwaka jana na jembe sina, Shangazi, na sikuwahi kuliona hilo kuwa ni habari.

Ndani ya bahasha hii kuna uzi mweusi, uzi wangu wa kusukia. Nimeupima na shamba lenyewe. Ncha moja iko sakafuni, ncha nyingine iko juu kabisa, mdomoni mwa gunia. Kile kifundo katikati ni mstari wa chini wa matundu. Huo mstari ni kazi yangu mimi, usiuangalie. Mistari ya juu ya hapo yote ni ya kwako.

Kuna jambo moja lililokuwa halijakaa sawa, ngazi. Za kupandia paa la ghala ni ishirini na sita, tena nyembamba, hata mimi zinanichosha. Kwa hiyo tumeshusha mashamba saba. Huwezi kulibeba shamba lililojaa, tuliyamwaga na kuyajaza upya chini, ndoo kwa ndoo, siku nne. Fundi Saa alipanga zamu kwa dakika, aliyechelewa alisomewa saa. Bwana shamba alivua shati. Tumeyapanga kwenye uwanja mdogo mbele ya chumba changu, tangu mlangoni mpaka bombani. Mama mwenye nyumba alikuja juu. Nikampa mafungu mawili ya spinachi, akashuka.

Uliniuliza mipaka. Nakuandikia upya, na safari hii hakuna chenga. Kaskazini kuna bomba la nyumba. Mashariki ukuta wa jirani, una joto zuri asubuhi. Magharibi njia ya kutokea. Kusini kuna dirisha langu, na chini ya dirisha hilo ndiyo mwisho wa mashamba yangu na mwanzo wa kitanda chako.

Sikuulizi kuku wala maharage. Njoo tu kama ulivyo.

Wako,
Mng'oa Vitunguu


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Mkunga, andika bila kulowesha karatasi. (Najitahidi.)

Magunia! Mimi nimepishwa bombani miezi mitatu kwa sababu ya magunia! Mkunga aliposoma niliuliza, "Ya kubebea au ya kulimia?" Akasema ya kulimia. Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikamkumbuka huyo Fundi Saa wako na ekari zake nne, nikaacha kucheka. Amesema vizuri. Penye udongo na mbegu na mtu, hapo ni shamba, na atakayebisha aje kwangu. Msalimie. Mwambie saa sina, ila nikifika atanionyesha jinsi ya kuisoma.

Sasa na mimi natubu, maana umenitangulia na sipendi kutanguliwa.

Maharage hayakuwapo. Kuku naye hakuwapo, hilo ulishajua, mshenzi wewe. Mwezi wa kwanza, kabla barua yako ya kwanza haijafika, niliteleza bombani na ndoo kichwani, nikaangukia nyonga. Mkunga alinifunga, akanipeleka kwa daktari, wakafanya walichoweza. Natembea kwa fimbo. Polepole, lakini natembea. Kuinama siwezi. Nikiangusha kijiko kinabaki pale pale chini mpaka apite mtu wa kuniokotea, na mimi nakaa nakitazama kijiko changu kama mali ya mtu mwingine. Mimi! Niliyekuwa naanza mstari na wanaume, nikiwangoja upande wa pili nimekaa!

Uliposema una mashamba sita niliruka kwa furaha, rohoni, maana miguu haikukubali. Uliposema unahitaji mikono yangu nilikufa moyo. Mikono ninayo, nikajiambia, ila iko mbali na ardhi. Nitakwenda kuwa mzigo kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anasimama. Yeye ashinde shambani mgongo umemkatika, arudi jioni anioshe na anipikie. Nikaona bora ukasirike. Kukukasirisha kuliniuma kuliko nyonga, nakwambia wazi.

Halafu ukaleta uzi.

Mkunga alikanyaga ncha moja, mimi nikavuta nyingine mpaka ukanyooka. Ukanifika hapa, kiunoni, chini kidogo ya kiwiko. Nikamwambia arudie, akakanyaga vizuri. Pale pale. Nikamwachia uzi aushike, mimi nikanyoosha mikono juu yake, nikaanza kupandikiza hewani, mche mmoja mmoja, natoboa kwa kidole, natia, nabana. Nilipanda mstari mzima hivyo. Mtoto wa jirani alikwenda kumwita mama yake aje aone. Mgongo haukuuma. Nyonga haikusema kitu. Nilikuwa nimesahau mikono yangu inavyojua kazi.

Sasa nakuja. Kibali kiko kifuani kwangu kwenye mfuko wa nailoni. Tarehe 22 gari la dawa likirudi litanifikisha kituo cha basi, Mkunga amekwisha kumpangia dereva, na dereva anamwogopa kwa sababu amemzalishia mke. Mkunga atapanda nami mpaka kituoni anikabidhi kwa kondakta kama mtoto mchanga. (Nitamkabidhi kwa maandishi.) Tarehe 23 uwe kituoni mapema, na usije na toroli. Ukija na toroli ninarudi.

Hapa bombani sijasema kitu kuhusu magunia. Siwezi, heshima imeshapanda, nitaondoka nayo. Fundi viatu nimemwambia mashamba yako hayawezi kuingiza mbuzi, na hilo si uongo.

Kwenye pindo la gauni langu la safari nimeshona mbegu za vitunguu. Ni za vitunguu vyangu, nilivizalisha hapa nyuma ya nyumba mwaka jana kabla sijaanguka, nikazikausha, nikazificha bila kujua nazificha kwa ajili ya nini. Basi niachie shamba moja tupu, hilo la mwisho, linalopakana na kitanda. Nitapanda mwenyewe nikiwa nimesimama. Wewe utamwagilia, kwa maji safi.

Kupalilia usiguse.

Hapo ni kidole changu, nimekibandika mara mbili.
Shangazi yako